Mkojo Unaoponyoka kwa Mama wa Makamo

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, Tanga

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mwenyekiti wetu, viongozi wa vikundi, mama zangu na dada zangu. Nimeitwa nizungumze juu ya afya ya mama aliyevuka miaka arobaini. Huenda mlitegemea nianze na presha, au sukari, au saratani ya shingo ya kizazi, na yote hayo ni mazito. Lakini nimemwomba mwenyekiti aniruhusu nichukue muda wote huu kwa jambo moja ambalo katika kazi yangu ya ukunga nimeliona likiwatesa wanawake wengi kuliko wanavyokubali kusema. Ni mkojo kutoka wenyewe. Mtu anakohoa, unatoka. Anacheka, unatoka. Anainua ndoo, unatoka. Au amebanwa akiwa sokoni, anaharakisha kurudi, anafika mlangoni ufunguo uko mkononi, na kanga imeshalowa.

Nimewaomba vijana wa vyombo vya muziki watupishe kidogo, na wamekubali, Mungu awabariki. Kwa hiyo hapa ni sisi kwa sisi.

Nianze na hesabu, maana kila mama ninayezungumza naye hudhani yuko peke yake. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa na wataalamu wa Moshi pamoja na wenzao wa Denmark. Walipita vijijini katika wilaya za Hai, Rombo na Same, wakazungumza na wanawake zaidi ya elfu moja. Katika kila wanawake 100, 42 walisema mkojo huwatoka bila wao kutaka. Same si mbali. Ukiacha Mombo na Mkomazi umeshaingia. Wanawake wale wanalima kama sisi, wanabeba kama sisi, wanazaa kama sisi.

Wala msidhani ni mambo ya vijijini tu au ya umaskini. Marekani kuna utafiti mkubwa unaofuatilia wauguzi kwa miaka mingi. Waliulizwa wauguzi wanawake zaidi ya 80,000 wenye umri wa miaka 36 hadi 55, na majibu yaliyotoka mwaka 2006 yalionyesha 43 katika kila 100 walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Hao ni wauguzi, watu wanaoshinda hospitalini. Norway, katika mkoa mmoja wa katikati ya nchi ulioitwa wakati huo Nord-Trøndelag, waliulizwa wanawake karibu 28,000 kati ya mwaka 1995 na 1997, na mmoja katika kila wanne alisema ndiyo.

Mtaniuliza, mbona namba zinapishana hivyo, huku 42, kule 25? Zinapishana kwa sababu ya swali. Ukimuuliza mtu, je, mkojo umewahi kukutoka hata tone, utapata watu wengi. Ukimuuliza, je, unakutoka mara kwa mara, kwa wingi, kiasi cha kukukosesha raha, watapungua sana. Kule Norway, wale ambao hali yao ilikuwa nzito na inawasumbua kweli walikuwa kama 7 katika kila 100. Nawaambia hivi ili mtu asije akatoka hapa na hofu kwamba nusu yetu tunahitaji kulazwa. Walio wengi wana tatizo dogo au la wastani, na hilo ndilo linalotibika kwa urahisi zaidi likiwahiwa.

Jambo la Norway lililonigusa zaidi ni umri. Tumezoea kuliona tatizo hili kuwa la bibi kizee. Wao walikuta linapanda pole pole kuanzia ujanani, linafika kilele karibu na miaka 50, ambako wanawake kama 30 katika kila 100 walikuwa nalo, kisha linatulia kidogo, halafu linapanda tena uzeeni. Kilele cha kwanza kiko hapo hapo tulipo sisi. Mama wa miaka 50 bado anafungua genge saa kumi na mbili asubuhi, bado anasomesha, bado ana mume, bado ndiye anayesimamia harusi za ukoo mzima. Huyu ndiye ninayemsemea leo.

Sasa tuelewane kuhusu mwili wenyewe. Kibofu kimekaa ndani ya nyonga, na chini yake kuna tabaka la misuli lililotandazwa kutoka mfupa wa mbele hadi kifandugu huku nyuma. Misuli hiyo ndiyo inayobeba kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa. Wale waliolala kitanda cha kamba wanajua: kikiwa kimewambwa vizuri kinakubeba, na kamba zikilegea unazama katikati. Kitanda kilicholegea hakitupwi, kinawambwa upya. Misuli hii nayo ndivyo ilivyo. Inalegea, na inaweza kukazwa tena. Njia ya mkojo ya mwanamke nayo ni fupi sana, kama sentimita 4 tu, kwa hiyo misuli ikilegea hakuna nafasi kubwa ya kujitetea.

Mkojo hutoka kwa namna kuu mbili. Ya kwanza ni ile ya tumbo kukandamiza: kukohoa, kupiga chafya, kucheka, kuruka, kuinua mzigo. Hapo kibofu hakina kosa, tatizo ni mlango kutokaza. Ya pili ni ya haraka: kibofu chenyewe kinajikunja kabla ya wakati wake, hamu inakuja ghafla na kwa nguvu, na mtu hafiki chooni. Wengine wana zote mbili. Norway karibu nusu ya wenye tatizo walikuwa na ile ya kwanza peke yake, zaidi ya theluthi moja walikuwa na zote mbili, na wachache, kama 11 katika kila 100, walikuwa na ile ya haraka tu. Kila mama ajitazame ajue yake ni ipi, maana matibabu hayafanani, na daktari atakuuliza hilo kwanza.

Nije kwenye sababu. Hapa nitakaa kidogo.

Sababu mnayoijua wote ni uzazi. Ni kweli. Mtoto anapopita, misuli ile inavutwa mno, na neva zake zinabanwa. Watafiti wale wa Norway walilinganisha makundi matatu ya wanawake wa chini ya miaka 65. Wasiozaa kabisa, wenye tatizo walikuwa 10 katika kila 100. Waliozaa kwa operesheni tu, karibu 16. Waliozaa kwa njia ya kawaida, 21. Naomba mzisikilize namba hizo vizuri, kwa sababu zina mambo mawili. Kwanza, hata asiyezaa anapata. Kwa hiyo ukimsikia dada ambaye hakujaliwa mtoto akilalamika mkojo, usimwambie haiwezekani. Pili, operesheni inapunguza lakini haifuti. Kuna mabinti siku hizi wanaosema watazaa kwa kisu ili wabaki kama walivyo. Operesheni ina hatari zake, kovu lake kwenye mji wa mimba, hatari yake kwa mimba inayofuata, na tofauti ile nayo hupungua kadiri mama anavyosogea uzeeni. Mama asifanyiwe operesheni kwa sababu hiyo. Afanyiwe pale uhai wake au wa mtoto unapodai.

Kwetu kuna kitu kizito zaidi ya uzazi wenyewe, nacho ni namna mama anavyozaa. Ule utafiti wa Hai, Rombo na Same ulilitazama hilo hasa, ukakuta tatizo linaambatana na mazingira ya kujifungua: mama kukaa nyumbani na uchungu kwa muda mrefu kabla ya kwenda kituoni, na kuzalia nyumbani. Mnaelewa maana yake. Kichwa cha mtoto kimekaa nyongani siku nzima, usiku mzima, kinakandamiza. Mama anatoka salama, mtoto analia, watu wanapiga vigelegele, na jeraha limebaki ndani halionekani. Linakuja kujitokeza miaka ishirini baadaye, wakati hakuna anayekumbuka uchungu ule. Kwa hesabu za kitaifa za mwaka 2022, mwanamke wa Tanzania anazaa kwa wastani watoto karibu watano, 4.8 kwa usahihi. Kila uchungu uliocheleweshwa una deni lake. Kwa hiyo wewe mama uliye na binti mjamzito au mkwe mjamzito nyumbani, uchungu ukianza usiseme tusubiri kidogo. Mpeleke.

Hapa naomba nitenganishe kitu, kwa sababu kuchanganya kunawaumiza watu. Kuna mkojo unaoponyoka, ninaouzungumzia leo, na kuna fistula. Fistula ni tundu kati ya kibofu na uke, linalotokana mara nyingi na uchungu uliokwama, na mwenye fistula mkojo humtiririka mchana na usiku, amelala au amesimama, bila kupumzika. Huyo hatatibiwa kwa mazoezi. Anahitaji upasuaji, na upasuaji upo. Hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanautoa bila malipo, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiwatumia wagonjwa nauli kwa simu ili umaskini usimzuie mtu. Tarehe 23 Mei kila mwaka dunia nzima huadhimisha siku ya kutokomeza fistula. Kama unamjua mwanamke aliyefichwa chumba cha uani kwa sababu ya harufu, huyo hakulogwa. Huyo ana jeraha la uzazi. Msaidieni afike hospitali.

Sababu ya pili ni uzito wa mwili. Hili najua halipendezi kusikika, maana kwetu mama akinenepa tunasema ametulia, ana raha, ndoa imemkubali. Sitaki kumtukana mtu mwili wake. Lakini tumbo zito linakaa juu ya kibofu saa zote ishirini na nne. Katika wale wauguzi wa Marekani, walionenepa sana walikuwa na uwezekano wa kupata tatizo hili mara kwa mara karibu mara tatu ya wale wembamba. Na habari njema iko hapo hapo. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wanawake 338 wanene waliokuwa wakitokwa mkojo. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza uzito kwa chakula na mazoezi, lingine likapewa masomo ya afya tu. Baada ya miezi sita, wale wa kwanza walikuwa wamepunguza asilimia 8 ya uzito wao, na mara za kutokwa mkojo kwa wiki zilipungua karibu nusu. Asilimia 8 maana yake, mama wa kilo 90 akashuka kama kilo 7. Hahitaji kuwa msichana tena. Kilo 7 tu.

Tatu ni kukoma hedhi. Homoni ya estrogeni ikipungua, ngozi ya uke na ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu, na mlango unapoteza ulaini uliokuwa ukiusaidia kujifunga. Ndiyo maana wengine husikia mwasho, maumivu ya tendo la ndoa na hamu ya mkojo ya mara kwa mara kwa pamoja. Kuna dawa ya kupaka ukeni yenye estrogeni kidogo ambayo daktari anaweza kukuandikia, na inawasaidia wengi, hasa wenye haraka ya mkojo. Vidonge vya homoni vya kumeza ni jambo jingine. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba vinaweza kuliongeza tatizo. Kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani.

Sasa nije kwa wale wanaobeba kadi za kliniki ya presha na sukari, na nikiangalia humu ni wengi. Sukari ikipanda, mwili unatoa mkojo mwingi, na ikikaa juu miaka mingi inaharibu neva za kibofu, mtu hajui kimejaa mpaka kimefurika. Dawa za presha nazo zina mambo yake. Kuna zile za kupunguza maji mwilini. Ukimeza jioni utaamka usiku kucha. Kuna captopril na enalapril, ambazo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu kisichoisha, na kila kikohozi kinasukuma kibofu. Kuna prazosin na doxazosin, zinazolegeza misuli ya njia ya mkojo. Mama anaweza kuhangaika mwaka mzima kumbe sababu imo kwenye kifuko cha dawa alichopewa kumtibu. Nawasihi sana, msiache dawa. Presha inaua. Lakini nenda na kifuko chako kwa daktari, umwambie, tangu nianze hii nakohoa na mkojo unanitoka. Dawa za kubadilisha zipo, na hata kubadilisha saa ya kumeza kunasaidia.

Mengine nayataja kwa ufupi. Kikohozi cha muda mrefu cha pumu, cha sigara au cha kifua kilichoachwa na TB. Choo kigumu kinachomfanya mtu ajikamue kila asubuhi. Kuondolewa kizazi. Kuzaliwa katika familia ambayo mama na dada wanalo. Na mizigo: wataalamu wale wale wa Moshi, walipochunguza kizazi kushuka katika vijiji hivyo hivyo, walikuta kinahusiana na kubeba vitu vizito. Kizazi kushuka na mkojo kuponyoka hutembea pamoja mara nyingi. Siwezi kumwambia mama wa shamba asibebe, najua kuni hazijileti. Naweza kumwambia agawe mzigo mara mbili, na asirudi kwenye madumu ya lita 20 wiki ya pili baada ya kujifungua. Arobaini yetu ina maana yake, tusiivunje.

Sasa hasara ya kunyamaza. Norway, ambako matibabu yako karibu na mtu, ni karibu robo tu ya wanawake wenye tatizo waliokuwa wamemwona daktari. Fikirini kwetu. Ninachokiona mimi ni mama anayejitibu mwenyewe kwa kujinyima. Anaacha kunywa maji. Mkojo unakuwa mzito, unachoma, kibofu kinakereka, hamu inazidi. Akienda duka la dawa anasema anasikia kuchomwa, anapewa dawa ya UTI. Inapoa, inarudi, anapewa nyingine. Kuna wanawake nimekutana nao ambao wamemeza antibayotiki za kila rangi na hakuna hata siku moja mkojo wao uliopimwa. UTI ipo, na ikiwepo itibiwe. Lakini ipimwe kwanza.

Halafu anaanza kujitoa kwa watu. Basi la kwenda Dar anaogopa kulipanda, maana dereva hasimami kuchimba dawa mpaka apende mwenyewe. Msiba anakaa nusu saa anaaga. Kitchen party haendi, na zamani yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheza. Watu wanasema siku hizi fulani anaringa. Mume anaona mkewe analala na pedi na hajui kwa nini, anaanza kuwaza mengine, na hakuna anayemuuliza mwenzake.

Na swala. Nimesikia wanawake wa Kiislamu wakiniambia wamepunguza kuswali, au wanajiona hawana haki ya kukaa kwenye mswala, kwa sababu udhu haukai. Hilo linaniuma kuliko mengine. Mimi si mwanachuoni. Lakini mashekhe wanafundisha wazi kwamba mtu ambaye mkojo wake haukatiki ana udhuru na ana nafuu: anajisafisha, anajikinga kwa kitambaa au pedi, anatia udhu wakati wa swala ukishaingia, na anaswali. Kwa yule ambaye hutokwa mara moja moja, hukumu yake inaweza kuwa tofauti. Muulize sheikh wako au ustadhati anayewafundisha. Ukiona haya, mtume mtu akuulizie. Usiache ibada kwa jambo ambalo dini imelitazama na kulipa njia.

Sasa tutafanya nini?

Tiba ya kwanza haina dawa. Mwaka 1948 daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu ya mazoezi ya misuli ya nyonga kwa wanawake waliotokwa mkojo baada ya kuzaa, na mpaka leo hospitali nyingi duniani huanza na hayo. Yamepimwa kwa tafiti nyingi. Zilipokusanywa pamoja mwaka 2018, kwa wanawake wenye tatizo la kukohoa na kuinua, waliofanya mazoezi 56 katika kila 100 walisema wamepona, na wasiofanya walikuwa 6. Sijui dawa nyingi za dukani zenye matokeo ya namna hiyo.

Tuyafanye hapa hapa mlivyokaa. Hakuna atakayejua, maana hayaonekani. Kaa wima, miguu chini, mapaja yaachane kidogo. Sasa fikiria unazuia upepo usitoke mbele za watu. Umekaza nyuma. Ongeza, zuia na mkojo. Umekaza mbele. Sasa vuta yote mawili juu, kama unayaingiza ndani. Usikaze makalio, usibane mapaja, usizuie pumzi. Ukishindwa kupumua umekaza mahali pengine. Shikilia, hesabu mpaka tano. Legeza kabisa, hesabu tena tano. Kulegeza nako ni sehemu ya zoezi. Hiyo ni moja. Fanya nane hadi kumi, mara tatu kwa siku, na kadiri unavyopata nguvu ufike kuhesabu kumi. Anayeswali anaweza kuyafanya akishamaliza nyiradi, tayari ana saa zake. Anayepanda daladala anaweza kuyafanya njiani.

Kosa ninaloliona zaidi ni kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Ukisukuma unaliongeza tatizo. Osha mkono, weka kidole ukeni, kaza: unatakiwa usikie kidole kinabanwa na kuvutwa ndani. Kama kinasukumwa nje, geuza. Wala usiyafanye kila siku kwa kukatisha mkojo katikati ukiwa chooni. Unakifundisha kibofu vibaya, mkojo unabaki ndani. Kosa la pili ni kuacha baada ya wiki mbili. Misuli inahitaji miezi mitatu. Na ukishaijua, itumie: ukihisi chafya inakuja, kaza kwanza ndipo upige chafya. Kabla ya kuinua ndoo, kaza.

Kwa mwenye haraka ya mkojo, kibofu kinafundishwa saa. Kama sasa unakwenda kila baada ya saa moja, kaa wiki moja ukienda kila saa moja na robo, hata hamu ikija mapema. Hamu ikija simama au kaa, usikimbie, kaza misuli mara kadhaa haraka haraka, vuta pumzi. Itapita kama wimbi, kisha nenda kwa hatua za kawaida. Wiki nyingine ongeza tena, mpaka ufike saa tatu hivi. Punguza chai ya rangi na kahawa, hasa jioni. Maji kunywa, usijikaushe. Yagawe mchana, upunguze yakibaki masaa mawili ulale.

Wapo ambao haya hayatawatosha. Kuna vidonge vya kutuliza kibofu, kuna upasuaji wa kuinua njia ya mkojo, kuna pete ya kuweka ukeni kwa wenye kizazi kilichoshuka. Hayo ni ya daktari wa akina mama, na ukifika kwake ukiwa umeshafanya mazoezi miezi mitatu utakuwa umempa habari muhimu.

Na usisubiri miezi mitatu ukiona damu kwenye mkojo, au ukisikia kitu kinatokeza ukeni na mkojo umegoma kutoka, au miguu imeanza kulegea na sehemu za siri zimekufa ganzi, au mkojo unatiririka bila kukoma. Hayo ni ya kwenda siku hiyo hiyo.

Ninalo ombi kwa viongozi mlioko hapa, na nimefurahi mganga mfawidhi amekaa nasi mpaka sasa. Mama wa makamo hakosi kliniki. Anakuja kwa presha, anakuja kwa sukari, anamleta mjukuu kwenye chanjo. Anapimwa, anaandikiwa, anarudi nyumbani, na ni nadra sana mtu kumuuliza, mama, mkojo unakutoka ukikohoa? Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti. Linahitaji muuguzi aliyefunga mlango na anayeuliza kwa sauti ya kawaida. Wanawake hawatalianzisha wao, wamelelewa wasilianzishe. Tukiwauliza watajibu, nimeyaona machozi yanavyotoka mtu akiulizwa tu. Naomba liingie kwenye maswali ya kawaida ya kliniki hizo, kwa kila mwanamke aliyetimiza miaka arobaini, na kwa kila aliyejifungua anaporudi baada ya wiki sita. Na ninyi akina mama, kama hawajakuuliza, sema hivi: "Nesi, mkojo unanitoka, naomba nisikilizwe faragha." Hayo yanatosha. Muuguzi atajua pa kuanzia.

Muda wangu umekwisha, mwenyekiti ananitazama. Chumba cha nyuma, kile chenye pazia la kijani, kuna wakunga wawili mpaka saa kumi jioni. Kila mmoja anaingia peke yake. Aliye na kifuko cha dawa za presha aje nacho, na aliyeshindwa kupata lile zoezi aje aelekezwe. Wenye kadi za kliniki mkaandikishe majina kwa katibu, bila kueleza sababu. Maswali ya wote tuyapokee sasa. Na mwenye swali asilotaka kulisema, karatasi na kalamu ziko pale mlangoni.